Sukari za Yakoni: Kwa Nini Kipimo Kimoja Hakitoshi

Katika milima ya Andes nchini Peru, wakulima wa yakoni wakishang'oa mizizi yao huianika juani kwa siku kadhaa kabla ya kuila au kuipeleka sokoni. Ganda hunyauka, uzito hupungua, utamu huongezeka. Anayeila kama tunda hufurahi. Lakini mgonjwa wa kisukari aliyeinunua kwa sababu ameambiwa haipandishi sukari ya damu amepata kitu kingine kabisa, maana kila siku ya jua imegeuza sehemu ya kile alichokifuata kuwa sukari ya kawaida. Kwa mahitaji yake yeye, mzizi uliozidi utamu ndio uliopungua thamani.

Hapo ndipo ugumu wa kupima ubora wa zao hili ulipo. Ukiuliza yakoni ina sukari kiasi gani, utapata jibu sahihi lisilokusaidia chochote. Swali lenye faida ni pana zaidi: ina sukari zipi, kila moja kiasi gani, na sampuli ilichukuliwa siku ya ngapi tangu mzizi ulipotoka ardhini.

Tuanze na mmea wenyewe. Yakoni, ambayo wanasayansi huiita Smallanthus sonchifolius, ni ya ukoo mmoja na alizeti. Asili yake ni Andes, kuanzia Kolombia kushuka hadi kaskazini magharibi mwa Argentina, na Peru inalimwa sana katika maeneo kama Cajamarca, Cusco, Puno na Oxapampa. Chini ya ardhi hutoa aina mbili za viungo: matunguu madogo yanayotumika kama mbegu, na mizizi minene inayofanana na viazi vitamu, ambayo ndiyo huliwa. Mzizi huo huliwa mbichi baada ya kumenywa, hukamuliwa maji, hukaushwa vipande, au huchemshwa hadi kuwa shira nzito ya rangi ya kahawia. Shira hiyo ndiyo inayouzwa mtandaoni duniani kote kwa watu wanaojali sukari yao ya damu.

Kati ya asilimia 85 na 90 ya mzizi mbichi ni maji. Katika kile kinachobaki maji yakiondolewa, asilimia 40 hadi 70 ni fruktani fupi. Sukrosi, yaani sukari ileile ya mezani, huwa kati ya asilimia 5 na 15, fruktosi huru vilevile, na glukosi huru kwa kawaida haifiki asilimia 5. Wanga unaoujua katika viazi na mihogo ni haba sana humu. Mimea mingi ya mizizi huweka akiba yake kwa wanga. Yakoni huiweka kwa fruktani.

Fruktani fupi imeundwa kama uzi wa shanga: mwanzoni kuna glukosi moja, kisha fruktosi zinafuatana. Glukosi na fruktosi moja ni sukrosi. Ukiongeza fruktosi moja juu ya hapo unapata kestosi, ukiongeza nyingine unapata nistosi, na kuendelea. Wanakemia huzifupisha kwa herufi: GF2 ni kestosi, GF3 ni nistosi, halafu GF4, GF5 na kuendelea. Katika yakoni minyororo hii mara nyingi huishia kwenye GF9 hivi, ilhali ile ya mzizi wa chikori, malighafi kubwa ya inulini (fruktani ndefu) viwandani, huweza kufika vipande 60.

Kinachozipa thamani ni namna fruktosi hizo zilivyofungamana. Utumbo wetu mwembamba hauna kimeng'enya cha kukata kifungo hicho, kwa hiyo mnyororo hupita mzima hadi utumbo mpana, ambako bakteria, hasa jamii ya bifidobakteria, huuchachusha. Kwa kuwa haukuvunjwa njiani, hauongezi glukosi kwenye damu kama sukari ya kawaida inavyofanya. Gramu moja ya fruktani hizi humpa mtu takriban kilokalori 1.5, wakati gramu ya sukari ya mezani humpa 4, na utamu wake ni kama asilimia 30 tu ya utamu wa sukari hiyo. Uchachukaji huo unazalisha gesi, na anayekula nyingi kwa mara moja tumbo humjaa na pengine kumharisha.

Shida huanza jembe linapogusa mzizi. Ndani ya tishu kuna kimeng'enya kinachokata fruktosi ya mwisho kwenye mnyororo, moja baada ya nyingine. Mmea unakihitaji wakati wa kuchipua, kwa sababu ndiyo njia yake ya kufungua akiba. Mzizi uliong'olewa huanza kufanya kazi hiyohiyo hata kama haupandwi tena. GF6 inakuwa GF5 pamoja na fruktosi moja huru, GF5 inakuwa GF4, mpaka kestosi inageuka sukrosi, na sukrosi nayo inavunjwa kuwa glukosi na fruktosi. Joto huharakisha kazi hiyo na baridi huichelewesha. Ndiyo maana watafiti waliofanya majaribio Peru waliona mizizi iliyohifadhiwa nyanda za juu zenye baridi ikitunza fruktani vizuri zaidi kuliko iliyohifadhiwa sehemu za chini. Mzizi uliokaa juma moja au mawili kwenye ghala lenye joto si mzizi uleule, hata kama kwa macho hauna kasoro yoyote.

Sasa tuje kwenye vipimo, na tuanze na kile ambacho karibu kila mnunuzi wa mazao anacho: refraktomita. Unakamua tone la maji ya mzizi, unaliweka kwenye kioo, unachungulia, unasoma namba ya Briksi. Briksi 1 ni sawa na gramu 1 ya sukrosi katika gramu 100 za mmumunyo. Lakini chombo hakioni sukrosi. Kinachokiona ni jinsi mwanga unavyopinda, na mwanga hupindishwa na kila kilichoyeyuka humo: nistosi, glukosi, asidi, madini. Fruktani zikivunjika zote kuwa sukari huru, namba ya Briksi itabaki karibu palepale. Kwa muwa au nanasi, hilo halina madhara makubwa. Kwa yakoni, chombo kinashindwa kutofautisha bidhaa nzuri na iliyoharibika.

Kibaya zaidi, kinaweza kuisifu iliyoharibika. Tuchukue mfano wa hesabu. Mzizi wa gramu 100 una maji gramu 88 na yabisi gramu 12. Ndani ya yabisi hiyo kuna fruktani gramu 7 na sukari huru, pamoja na sukrosi, gramu 3. Briksi yake itakuwa kama 10. Uanike hadi upoteze gramu 40 za maji, na katika siku hizo gramu 2 za fruktani zivunjike. Sasa una mzizi wa gramu 60 wenye fruktani gramu 5 na sukari huru, pamoja na sukrosi, gramu 5. Refraktomita itasoma kama 17, na mnunuzi atafurahi. Hata maabara ikiripoti fruktani kwa kila gramu 100 za mzizi kama ulivyoletwa, itaandika 8.3, kumbe mwanzo ilikuwa 7, na ripoti itaonyesha kana kwamba fruktani zimeongezeka. Ni pale tu utakapogawanya kwa yabisi ndipo ukweli utatokea: kutoka asilimia 58 hadi asilimia 42. Kwa hiyo ripoti yoyote ya yakoni isiyotaja unyevu wa sampuli, mimi singeitegemea hata kwa ununuzi wa gunia moja.

Refraktomita ina mahali pake, hata hivyo. Kwa mpishi wa shira anayetaka kujua lini aipue sufuria, haina mpinzani, kwani shira iliyopita Briksi 70 huhifadhika bila kuchacha. Namba hiyo inamwambia shira imekolea kiasi gani. Haimwambii imekolea nini.

Kabla ya chombo chochote cha kisasa, kuna hatua ambayo ndiyo inayoharibu matokeo mengi kuliko zote: kuandaa sampuli. Ukikata mzizi na kuuacha mezani dakika kumi, utauona ukibadilika kuwa kahawia halafu kijani cheusi, kwa sababu kemikali zake za fenoli zimekutana na hewa na vimeng'enya. Wakati huohuo vimeng'enya vya sukari navyo vinafanya kazi, ila hivyo huvioni kwa macho. Mtaalamu makini humenya, hukata vipande vidogo, hupima uzito na kuvitumbukiza papo hapo kwenye maji yanayochemka au ethanoli ya moto ya asilimia 80. Joto huviua vimeng'enya na kusimamisha mambo pale yalipo. Lakini joto nalo lina mtego wake: fruktani hazipendi joto likichanganyika na asidi. Mmumunyo wenye ndimu au vitamini C nyingi ukiuchemsha muda mrefu, minyororo hukatika bila kimeng'enya chochote. Maabara nyingine huongeza kalsiamu kaboneti kidogo ili kupoza asidi hiyo. Na sampuli yenyewe isiwe mzizi mmoja: mimea hutofautiana, na hata mizizi ya shina moja haifanani. Hivyo huchukuliwa mizizi kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za shehena, huchanganywa, kisha hupimwa.

Njia za bei nafuu hutumia rangi. Ya fenoli na asidi salfuriki, iliyochapishwa mwaka 1956 na bado inafundishwa vyuoni, huunguza kila aina ya sukari kwa asidi kali hadi mmumunyo uwe wa rangi ya machungwa, kisha ukali wa rangi hupimwa kwa spektrofotomita, chombo kinachopima mwanga unaofyonzwa na mmumunyo. Inatoa jumla ya sukari zote, minyororo na huru kwa pamoja. Fruktosi na glukosi hazitoi rangi ya ukali uleule, kwa hiyo anayetumia glukosi peke yake kama kipimo rejea kwa mzizi uliojaa fruktosi anajitengenezea kosa mwenyewe. Njia nyingine, ya asidi ya dinitrosalisili ya mwaka 1959, huona tu sukari zenye ncha huru ya kutendana na kemikali hiyo: glukosi na fruktosi. Sukrosi haina ncha hiyo, wala kestosi na wenzake.

Ukiziweka njia hizi mbili pamoja na kutoa ya pili kutoka ya kwanza, unapata kadirio la kilichofungwa kwenye minyororo. Kwa ushirika wa wakulima usio na maabara kubwa, kadirio hilo ni la maana sana: mizizi ikifika Jumatatu na tofauti hiyo ni kubwa, Jumatatu inayofuata imeshuka, huhitaji mashine ya kigeni kukuambia ghala lako lina joto. Dosari yake ni kwamba sukrosi imejificha upande wa minyororo, na sukrosi humeng'enywa vizuri tu utumboni na kupandisha sukari ya damu.

Vimeng'enya vya maabara huondoa maficho hayo. Katika njia namba 997.08 ya AOAC, shirika linaloidhinisha njia rasmi za maabara, sampuli hugawanywa: sehemu moja hupimwa glukosi, fruktosi na sukrosi zilizomo, nyingine hupewa kimeng'enya kinachovunja fruktani zote, kisha hupimwa tena. Ongezeko, baada ya kuondoa kilichotoka kwenye sukrosi na wanga, ndicho kilichokuwa fruktani. Kuna hesabu ndogo ambayo wengi huisahau. Kila kifungo kinapokatwa, molekuli moja ya maji huingia, kwa hiyo vipande vikijumlishwa huwa vizito kuliko mnyororo vilikotoka. Mnyororo wa vipande vinne, yaani nistosi, una uzito wa molekuli 666, na vipande vyake vinne vikiachana ni 720. Ukipata gramu 8 za vipande, zidisha kwa 0.925, fruktani ilikuwa gramu 7.4. Asiyezidisha anamuuzia mteja maji.

Njia dada, 999.03, ni ya haraka zaidi na haihitaji kromatografia, yaani mbinu ya kutenganisha sukari moja moja, ila ina udhaifu wake. Ili kuondoa sukari huru, hutumia kemikali inayobadilisha kila ncha huru kuwa pombe ya sukari. Kama fruktani ya sampuli ilikatwa na kuacha minyororo isiyo na glukosi mwanzoni, minyororo hiyo ina ncha huru, kwa hiyo kipande kimoja cha kila mnyororo hupotea kwenye hesabu. Bidhaa iliyotengenezwa kwa kuvunjavunja inulini ndefu itaonekana na fruktani pungufu kuliko iliyonayo.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe ya kuzitenganisha sukari moja moja. Katika kromatografia ya kimiminika, mmumunyo uliochujwa husukumwa kwa shinikizo kupitia mrija mwembamba uliojazwa chembe ndogo mno, na kila sukari hukawia ndani yake kwa muda wake. Kwa mrija wa aina ya amino, ukisukuma kwa asetonitrili na maji, hutangulia fruktosi, hufuata glukosi, kisha sukrosi, halafu kestosi, nistosi na wenzao kwa urefu. Kila moja huchora kilele kwenye skrini, na eneo chini ya kilele ndilo kiasi chake. Mzizi uliong'olewa leo huchora vilele vifupi mwanzoni, kisha safu ya vilele vinavyofuatana kwa mpangilio mzuri kama ngazi. Mzizi uliokaa juani huonyesha ngazi hiyo ikianza kulika kutoka upande wa minyororo mirefu, huku kilele cha fruktosi kikipanda juu ya vyote. Ukiiweka michoro hiyo miwili pamoja, huhitaji maelezo.

Kigunduzi kinachotumika sana hapo hupima tofauti ya kupinda kwa mwanga, ileile kanuni ya refraktomita ya mkononi, isipokuwa sasa sukari zinapita mbele yake moja moja. Uzuri wake ni kwamba gramu moja ya sukari yoyote hukipa ishara inayokaribiana. Ubaya ni kwamba hakihisi vizuri kiasi kidogo cha sukari, na hakivumilii mabadiliko ya mchanganyiko wa kimiminika katikati ya kipimo, hivyo minyororo mirefu hutoka imechelewa na imejitandaza.

Wenye uwezo hutumia kromatografia ya ioni yenye elektrodi ya dhahabu. Sukari kwa kawaida hazina chaji, lakini kwenye sodiamu haidroksaidi yenye pH zaidi ya 12 hupoteza protoni na kuwa ioni hasi. Hapo zinashikwa na chembe zenye chaji chanya, kisha sodiamu asetati inayoongezwa polepole huzing'oa kuanzia fupi hadi ndefu. Utenganisho wake ni wa ajabu. GF8 na GF9 zinasimama mbalimbali. Lakini elektrodi haitoi ishara sawa kwa gramu ya kila mnyororo. Kadiri unavyorefuka ndivyo ishara inavyopungua. Kila kilele kinataka kipimo rejea chake, na hapo ndipo bajeti huumia, kwa sababu kestosi na nistosi safi zinanunulika, ila zikizidi urefu huo ni adimu na ghali. Kwa maoni yangu, mpango unaofaa ni kuunganisha mbili: jumla ya fruktani kwa vimeng'enya, na kromatografia kwa ajili ya umbo la mgawanyo.

Umbo hilo lina kazi nyingine: kufichua udanganyifu. Shira ya yakoni ni ghali, na chenye bei hakikosi mchakachuaji. Yakoni ya kweli ina karibu minyororo yote yenye glukosi mwanzoni. Fruktani iliyokatwa kutoka inulini ya chikori huleta vilele vya ziada kati ya ngazi za kawaida, vya minyororo ya fruktosi tupu. Fruktani ya agave, mmea wa jamii ya katani, ina matawi, kwa hiyo mchoro wake ni msitu wa vilele vilivyobanana. Shira ya mahindi nayo huacha maltosi, ambayo yakoni haina sababu ya kuwa nayo kwa wingi. Anayepima jumla pekee hataona hata kimoja kati ya hivi.

Kwa mgonjwa, hesabu hizi hufika hadi kwenye kijiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Tucumán, Argentina, kwa wanawake wenye unene uliopitiliza waliokunywa shira hii kwa siku 120, ulipendekeza gramu 0.14 za fruktani kwa kila kilo ya mwili kwa siku; dozi iliyo mara mbili yake iliwasumbua tumbo. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 8.4. Kama shira yake ina fruktani asilimia 40 na sukari nyingine asilimia 30, atakunywa gramu 21 na ndani yake kupata sukari hizo gramu 6.3. Kama chupa inayofanana nayo ina fruktani asilimia 20 na sukari nyingine asilimia 50, atahitaji gramu 42 ili kufikia dozi ileile, na atakuwa amemeza sukari gramu 21. Chupa zote mbili zina Briksi ileile. Hakuna kati yazo iliyo mbadala wa dawa aliyoandikiwa na daktari.

Lebo nayo inahitaji kusomwa kwa tahadhari. Vipimo vya zamani vya nyuzilishe hutumia ethanoli kuzigandisha nyuzi, na fruktani fupi hazigandi. Hubaki kwenye kimiminika na kumwagwa. Shira nzuri inaweza kuandikwa haina nyuzilishe kabisa. Maabara nyingine huchemsha sampuli na asidi kabla ya kupima sukari, na fruktani zote huhesabiwa kama sukari. Njia mpya kama AOAC 2009.01 zilitungwa ili vipande vifupi kama hivi visipotee, na Marekani ilikubali mwaka 2018 kwamba fruktani za aina ya inulini zihesabiwe kuwa nyuzilishe. Muuzaji anayejua anachouza ataweza kukuonyesha cheti chenye mistari minne tofauti, ya glukosi, fruktosi, sukrosi na fruktani, pamoja na jina la njia iliyotumika, unyevu wa sampuli na tarehe ambayo mizizi ilichimbwa.